Soko Lisilale: Jeneza la Fito

“Umelifunga wewe mwenyewe soko hili, Dervla. Ulilifunga siku uliyomzika baba yako.”

Hayo ndiyo maneno yaliyomgandisha, msomaji, mkono wake ungali kwenye mnyororo mpya wa geti. Sasa aligeuka.

Aliyesema alikuwa Malachy Roche, diwani wa Carrowmoy, mjenzi wa nusu ya nyumba mpya za mji na mwenye hamu ya kujenga nusu iliyobaki. Manyunyu yalikuwa yanachuruzika kwenye ukingo wa kofia yake. Alitabasamu kwa upole, kama mtu aliyekuja kutoa pole.

“Sema tena,” Dervla alisema.

“Ya nini kurudia? Waulize wenzako. Sheria ya soko lao wanaijua.”

Dervla akawatazama. Nuala Geraghty, mfinyanzi, aliinamisha kichwa na kuanza kukwangua udongo mkavu kwenye kucha. Festus mhunzi alikuwa amekuja na nyundo ili auvunje mnyororo. Sasa nyundo ilikuwa inaning’inia mkononi kama kitu alichosahau kukiweka chini.

“Nuala? Anasema nini huyu?”

“Soko lisilale,” Nuala alijibu kwa sauti ndogo.

Neno hilo Dervla alikuwa amelisikia maisha yake yote. Baba yake, Mzee Bartley Tuohy, msusi wa vikapu, alilisema kila Jumamosi alfajiri akifunga kamba za viatu. Theluji ilipofika magotini, alikwenda. Wakati wa korona, mji mzima umejifungia ndani, alikwenda peke yake, akaweka kapu moja uani, akamuuzia padri kwa ncha ya fimbo ili wasikaribiane. Watu walicheka. Dervla naye alicheka. Alidhani ni ukaidi wa mzee.

“Ndivyo babu zetu walivyopewa,” Nuala aliendelea. “Ua huu ni wetu maadamu kila Jumamosi, kabla ya kengele ya adhuhuri, kitu kilichofanywa kwa mkono kimeuzwa ndani yake. Ikipita Jumamosi moja bila mauzo, ua unarudi kwa mji.”

“Na mji una mpango mzuri sana wa hoteli,” Roche akadakia. “Halmashauri inakaa leo saa nane mchana. Tunapiga muhuri, kesho tingatinga linaingia. Njooni mchukue meza zenu mapema, nisije nikaambiwa sina utu.”

“Juzi tulikuwa na msiba!” Festus alifoka. “Tulikuwa tunazika, bwana!”

“Najua. Nilikuwepo. Nilileta shada la maua.”

“Kufa kufaana,” Nuala alisema, akatema mate chini, karibu kabisa na kiatu cha diwani.

Roche alikitazama kiatu chake, akagusa ukingo wa kofia kuwaaga, akaenda zake. Hakuharakisha hata kidogo.

Hasira aliyoiacha nyuma yake ilitafuta kichwa cha kutua, na kichwa kilichokuwa karibu kilikuwa cha Dervla.

“Nani alikwambia umzike mzee Jumamosi?” Festus alimgeukia.

“Festus, mwache.”

“Simwachi! Watu wa soko hawazikwi Jumamosi. Mama yangu alifariki Alhamisi, tukamlaza ndani mpaka Jumatatu. Mzee Bartley mwenyewe ndiye aliyenishika bega akaniambia, ‘Mama yako atangoja, Festus. Soko halingoji.’ Leo yeye ndiye anazikwa Jumamosi!”

“Na wewe ulifungua meza yako Jumamosi hiyo?” Nuala alimvaa. “Si ulikuwa umebeba jeneza, bega la mbele, kamasi zinakutoka? Mwenzetu akizikwa hatuuzi. Hiyo nayo ni mila. Mila mbili zimegongana vichwa na hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Tulikuwa tunalia. Usimbebeshe mtoto wa watu mzigo wetu sote.”

Dervla aliitazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa bado na michubuko ya fito.

“Ni Lorcan,” alisema. “Lorcan ndiye aliyeniomba.”

Wote walimjua Lorcan, kaka yake pekee, aliyehamia Boston na kurudi kila alipokumbuka.

“Baba alifariki Jumanne. Mimi nilitaka Alhamisi. Lorcan akapiga simu analia, akasema hawezi kupata ndege ya kumfikisha kabla ya Ijumaa jioni. Akasema, ‘Na wewe usiharakishe, dada. Msukie baba jeneza zuri kuliko kapu lolote uliloshika. Tumzike Jumamosi.’ Nikasema sawa.”

Nyuma ya kundi, chini ya mwavuli, mtu alikohoa. Alikuwa Pius kinyozi.

“Ijumaa jioni?” Pius aliuliza. “Dervla, mimi sipendi maneno ya watu…”

“Wewe ni kinyozi,” Nuala alimkatiza. “Maneno ya watu ndiyo chakula chako. Yateme.”

“Alhamisi asubuhi huwa nipo mji wa Drumsheel, nawanyoa wageni wa hotelini. Nilimnyoa Lorcan. Alikuwa amelala hapo tangu jana yake. Akaniomba nisimwambie mtu, ati anataka kulia peke yake kwanza kabla ya kukutana na macho ya watu. Nikamwonea huruma. Hata pesa sikuchukua.”

“Alikuwa peke yake?”

Pius akaufunga mwavuli wake, ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha.

“Aliyekaa kiti cha pili akingoja zamu yake alikuwa Malachy Roche.”

Hakuna aliyemwona Dervla akiondoka. Walipogeuka, alikuwa ameshafika kona ya kanisa.

Lorcan alikuwa jikoni, kwenye kiti cha baba yao, akipaka siagi mkate wa magadi. Sanduku lake la safari lilikuwa limeegemezwa mlangoni.

“Chai ipo birikani, dada. Mbona umelowa hivyo?”

“Ulifika lini?”

“Ijumaa. Si ulinipokea mwenyewe kituo cha basi?”

“Pius anakusalimu. Anauliza kama nywele zimeanza kuota.”

Kisu cha siagi kikasimama juu ya mkate.

Lorcan hakuwa mwongo mzuri. Utotoni akivunja kitu, masikio yalikuwa yanamwiva kabla hajaulizwa. Sasa yaliiva.

“Kaa, nikueleze.”

“Sikai.”

“Roche alikuwa anaongea na mimi tangu mwaka jana. Alisema hoteli itakuwa na duka chini, la vitu vya asili. Letu mimi na wewe, Dervla. Sikiliza kwanza! Itazame hiyo mikono yako. Hujafika hata arobaini na una vidole vya kizee. Baba amekufa hawezi kukunja ngumi. Kwa faida gani? Ili watalii wapige picha waende zao bila kununua hata kifuniko? Nilitaka ukae ndani, penye joto, uuze vikapu kama mtu mwenye akili.”

“Nani angevisuka?”

“Vinaletwa. Kwa makontena.”

“Vinaletwa,” Dervla alirudia.

“Kwani nani anajua tofauti?”

Msomaji, wewe umekaa na binti huyu wiki nyingi sasa. Unajua ni mtu wa namna gani. Dukani akipewa chenji pungufu huona haya kuidai. Akikanyagwa kanisani, yeye ndiye huomba radhi.

“Ondoka kwenye kiti hicho,” alisema.

“Dada…”

“Ondoka kwenye kiti cha baba!”

Lorcan aliruka kama amemwagiwa maji ya moto. Kikombe kikaanguka kikavunjika, na Dervla mwenyewe alishtuka, maana hakujua kwamba sauti ile ilikuwa ndani yake.

“Fito zilikuwa hazijalowa vya kutosha,” alisema. “Fito za mwerebi hutaka wiki nzima ndani ya maji, na mimi wiki sikuwa nayo. Nikazitia kwenye maji ya moto nikazikunja hivyo hivyo, mikono ikaungua. Nikajiambia haidhuru, kaka yangu amesema baba apate jeneza zuri. Wewe ukaona jinsi ninavyompenda, ukasema hapa ndipo pa kunikamatia. Nilidhani nasuka jeneza, Lorcan. Kumbe nasuka dema, na samaki ni sisi wote!”

Lorcan akaanza kulia. Machozi yake yalikuwa ya karibu tangu utotoni, na tangu utotoni Dervla ndiye aliyeyafuta. Mkono wake ulitaka kwenda. Akauficha mfukoni kwa ghadhabu.

“Imekwisha, dada,” Lorcan alisema kwa kwikwi. “Piga kelele utakavyo. Roche hakuacha mwanya. Aliweka mtu dirishani pale baa, macho kwenye ua wa soko tangu asubuhi mpaka kengele ya adhuhuri. Hakuna meza iliyofunguliwa. Hakuna kapu lililotoka. Hakuna viganja vilivyopigwa. Watu walipeana mikono ya pole tu.”

Dervla alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Akasimama.

Mikono ya pole.

Jumamosi ile walimpitisha mzee sokoni, kama wapitishwavyo wote wa soko, wakaliweka jeneza juu ya benchi lake la mawe ili apumzike kidogo kabla ya kanisa. Watu wakapanga foleni. Pole, Dervla. Pole sana kwa msiba. Mkono baada ya mkono, mpaka wake ukafa ganzi.

Kisha akaja bibi mmoja mfupi, kitambaa cha kijani kichwani. Hakutoa pole. Aliupapasa ubavu wa jeneza kama mtu anayekagua ng’ombe mnadani, akabonyeza hapa, akavuta pale.

“Umesuka mwenyewe?”

“Ndiyo, mama.”

“Nisukie kama hili. Fupi kidogo, mimi unaniona.”

Akataja bei. Dervla, akili yake iko mbali, aliitikia kwa kichwa. Bibi akamshika mkono, akaugeuza, akakipiga kiganja chake kwa kiganja, paa! Ndivyo wanunuzi wa zamani walivyofunga biashara. Na mkono wa Dervla, wenyewe, bila kuulizwa, ukaingia mfukoni ukatoa sarafu ukampa bibi. Senti ya bahati, ya kumrudishia mnunuzi. Baba yake hakuwahi kuhesabu kwamba ameuza kitu mpaka senti ya bahati imetoka.

Kitu cha mkono. Ndani ya ua. Kabla ya kengele.

Na yule mtu wa dirishani, kutoka upande wa pili wa barabara, aliona mwombolezaji mmoja zaidi akimshika mfiwa mkono.

“Unacheka nini?” Lorcan aliuliza, ameogopa.

“Nenda ukanyolewe,” Dervla alisema, akatoka.

Nuala alikuwa bado getini, amekalia kreti ya vyungu vyake kama askari. Dervla alimweleza huku anahema. Nuala alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga paja lake kwa nguvu hata vyungu vikalia.

“Umeuza! Mwana wa Bartley, umeuza!”

“Lakini jeneza lenyewe sijalisuka.”

“Tangu lini Festus amebeba geti la chuma mpaka sokoni? Si watu humwagiza? Viganja vikipigwa, limeuzwa, hata kama chuma bado kiko ardhini. Mnunuzi ni nani? Tumpeleke mbele ya halmashauri akawaambie usoni!”

“Simjui. Bibi mfupi, mzee sana. Kitambaa cha kijani na pini ya fedha hapa shingoni.”

Furaha ikamtoka Nuala usoni.

“Anaongea kama watu wa visiwani? Anatembea kama amekanyaga miiba?”

“Ndiyo. Unamjua?”

“Mungu wangu,” Nuala alisema. “Alihamia mjini mwaka jana, na hatoki ndani. Huyo ni Philomena, Dervla. Philomena Roche. Ndiye aliyemzaa Malachy.”

Saa saba ilikuwa imepita Dervla alipobisha kwenye nyumba kubwa ya mlimani. Mlango ulichukua muda mrefu kufunguka. Bibi Philomena alikuwa ameshikilia ukuta, na bila kitambaa chake alionekana mdogo zaidi.

“Umekuja kunipima?” aliuliza.

“Hapana, mama. Nimekuja kukuomba.”

“Basi ingia. Kuomba mtu haombi akiwa kwenye mvua.”

Sarafu ya Dervla ilikuwa kwenye ubao wa dirisha, mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Dervla alieleza yote. Hakupamba neno, na jina la mwana wa mwenyeji wake alilitaja akiangalia chini. Bibi alisikiliza, mikono juu ya magoti.

“Kwa hiyo nikifika pale nikasema nilinunua, soko linabaki?”

“Linabaki.”

“Nao watauliza nilinunua nini.”

Tangu getini alikuwa anajua swali hilo litakuja, na njia nzima alilikimbia.

“Malachy hajui,” bibi alisema. “Daktari aliniambia kabla ya Krismasi. Mwanangu nimemwambia ni mgongo. Kila jioni ananichua miguu kwa mafuta, ananiambia, ‘Kiangazi hiki, mama, nitakupeleka kisiwani kwenu.’ Ameshanunua viti vya kukalia ufukweni. Mtu mzima yule, ananunua viti.”

Hapo hasira ya Dervla ilijikwaa. Hakuipenda hali hiyo hata kidogo. Ilikuwa hasira nzuri, safi, na sasa mtu amemwekea ndani yake viti viwili vya ufukweni.

“Sitamwambia,” alisema.

“Mdomo mtupu sitaki.” Bibi akanyoosha mkono. “Kiganja.”

Vikapigwa. Paa.

“Atayasikia kutoka kwangu, siku nitakayoichagua mimi. Sasa niambie jambo moja ambalo sijalielewa. Alijua mapema kwamba Jumamosi ile utazika?”

“Aliipanga yeye, mama. Yeye na kaka yangu.”

“Akaja pale. Akasimama karibu yangu na shada la maua.”

“Ndiyo.”

“Na dirishani ameweka mtu.”

“Ndiyo, mama.”

Bibi Philomena aliitazama sarafu dirishani. Kisha mashavu yake, yaliyokuwa meupe kama unga, yakapanda damu.

“Kisiwani kwetu,” alisema polepole, “mtu akipitishwa ndani ya jeneza, hata mwenye kesi naye huvua kofia. Hata polisi alikuwa anageuza kichwa, asione kosa la mtu siku hiyo. Mimi ndiye niliyemfundisha kuvua kofia yule. Mimi! Nipe koti langu.”

“Mama, huna haja ya…”

“Nipe koti, binti! Siku nimeichagua. Ni leo.”

Mkono mmoja ukaingia kwenye koti. Wa pili ukashindwa. Bibi alishika meza, akavuta pumzi, pumzi ikakataa, akarudi kitini kwa kishindo. Dervla akampigia magoti.

“Ngoja,” bibi alinong’ona. “Ngoja nipumue. Tutakwenda. Ongea na mimi ili nisilale. Jeneza langu umeshaanza kulisuka?”

“Bado, mama. Fito zake nitazitia majini jioni hii. Safari hii nitaziacha wiki nzima.”

“Jeneza la nani?”

Sauti ilitoka kwenye ukumbi wa mlango.

Malachy Roche alikuwa amesimama pale, ufunguo mkononi, mlango wazi nyuma yake, mvua ikiingia mpaka kwenye zulia. Alikuwa amerudi kuchukua tai ya kikaoni. Tai yenyewe ilikuwa inaning’inia kwenye msumari karibu na bega lake, lakini hakuiangalia. Alimwangalia mama yake, koti limevaliwa mkono mmoja. Akaiangalia sarafu dirishani. Akamwangalia Dervla aliyepiga magoti.

“Funga mlango, Malachy,” bibi alisema bila kugeuka. “Kufunga ndiyo kazi unayoijua.”

Hakufunga. Kofia ilikuwa imeshatoka kichwani, na hata yeye hakujua ni lini aliivua.

“Mama. Jeneza la nani?”

Bibi Philomena alifungua kinywa, lakini kilichotoka ni kikohozi, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa meza. Halmashauri ilikuwa inaanza kuketi. Koti lilikuwa nusu. Na asingeweza kutamka neno hata kama angetaka.

Roche akamgeukia Dervla. Midomo ilikuwa inamcheza kama ya mtoto.

“Wewe. Nimekuuliza.”

Jibu lilikuwa fupi. Lingetosha kuliokoa soko, na lingemvunja mtu huyu vipande vipande papo hapo, mbele ya macho yake, kama Dervla alivyotamani tangu asubuhi. Kiganja chake kilikuwa bado na joto la kiganja cha bibi.

Dervla akasimama, akamtazama usoni, akafungua mdomo.